Kidole cha Namba Nne: Bi. Severa Ndunguru Anaaga Maabara

Siku ya Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Severa Ndunguru, mtaalamu wa maabara wa Zahanati ya Mwanga Mwema, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari ambao mimi mwenyewe niliupigilia mwaka 1998 kwa pigo moja. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi bila kuchelewa kazini hata mara moja, ukiacha ile siku ya mafuriko, ambayo nitaieleza kwa kuwa nilikuwepo na bila mimi asingefika kabisa.

Daktari Heriel, mwenye zahanati, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu. Wapo wenye vyeti vingi humu ndani na sibishani nao. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini nimekuwa dereva na mtunza stoo hapa kwa miaka ishirini na saba, na hakuna chupa ya damu iliyoingia au kutoka bila kupita mikononi mwangu. Tena hotuba yangu kwenye sendofu ya binti wa kaka yangu kule Ilala bado inazungumzwa. Wazee wawili waliomba wapewe nakala.

Dada Severa alizaliwa Mbinga, akasoma kwa masista, akaja Dar es Salaam mwaka 1992 na sanduku moja la bati na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote ninayemfahamu. Daktari Heriel, ambaye enzi hizo alikuwa bado na nywele, alimpa chumba kimoja, meza, hadubini yenye jicho moja na jiko la spiriti. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara.

Wakati ule sukari ilipimwa kwa mkojo. Unatia matone kwenye dawa ya buluu, unachemsha, unangoja. Ikibaki buluu, nenda kale. Ikiwa kijani, jiangalie. Ikiwa rangi ya tofali, ita ndugu. Kuna bwana mmoja wa Ilala aliogopa majibu, akajaza chupa maji ya bomba na kuileta amenyoosha uso kabisa. Dada Severa aliichemsha, akaiinua dirishani, akaandika majibu kwa mwandiko wake wa masista: “Bomba la nyumbani kwako halina kisukari. Hongera. Sasa njoo wewe.” Yule bwana alikuja. Ana wajukuu leo.

Sasa ile siku ya mafuriko. Tulitoka Magomeni kukusanya damu, chupa kumi na nne ndani ya kisanduku cha barafu, na tulipofika Jangwani maji yakatukuta. Gari likazima. Nilikitwika kisanduku kichwani, nikamshika Dada Severa mkono, tukavuka. Maji yalinifika kidevuni. Samaki wawili walipita kati ya miguu yangu, na mmoja alisimama akanitazama. Wapo wanaosema maji yaliishia magotini. Hao walikuwa nyumbani kwao wamekaa.

Tulipofika zahanati watu wakanipigia makofi. Dada Severa akafungua kisanduku, akasoma kipimajoto, akaona barafu yote imeyeyuka. Akachukua zile chupa moja moja, zote kumi na nne, akazitupa kwenye ndoo ya taka. Nilikaa chini. Nikamwambia, “Dada, nimevuka bahari kwa ajili ya hizo.” Akanijibu bila hasira, “Leodegar, damu haijui kama umevuka. Ikishaharibika inasema uongo, na sahihi chini ya uongo huo itakuwa yangu.” Kesho yake tukarudi Magomeni kuanza upya.

Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo litakalotufikisha kwenye kazi yake ya mwisho.

Miaka ikapita, mkojo ukaachwa, zikaja mashine ndogo za kidole. Dada Severa alizipenda tangu siku ya kwanza. Akaweka utaratibu wake, na utaratibu huo ulifuatwa hapa kama kengele ya shule: futa kidole kwa pamba ya spiriti, ngoja kikauke, choma, chukua tone, kandamiza kwa pamba kavu. Wanafunzi waliokuja kufanya mazoezi kwetu waliukariri kwa wimbo. Na kila mwanafunzi alifundishwa sentensi moja kabla ya kugusa kitu chochote: “Kidole hakidanganyi.” Msomaji aishike sentensi hiyo.

Mwezi Aprili mwaka huu alifika bwana mmoja wa suti, mwakilishi wa kampuni, na sanduku la vifaa vipya. Ni vidude vyeupe vya duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, vinavyobandikwa nyuma ya mkono juu ya kiwiko. Kila kimoja kina kijisindano chembamba kama unywele kinachobaki ndani ya ngozi, na kila baada ya dakika chache kinatuma kiasi cha sukari kwenye simu, mchana kutwa, siku kumi na nne mfululizo, bila kuchoma kidole. Watu wa Kariakoo hawawezi kuacha kitu kikae bila jina. Wakakiita kitufe.

Wagonjwa wetu walikitaka kitufe kama watoto wanavyotaka Krismasi. Daktari Heriel akasema hakuna atakayepewa mpaka Dada Severa akipime, aseme kama kinasema kweli, na aweke sahihi. Mashine kubwa ya maabara ilikuwa imeharibika inangoja spea. Kwa hiyo kitufe kingepimwa dhidi ya kidole. Kidole ndiye hakimu.

Tulichukua watu kumi na wawili wa kujitolea: wafanyabiashara, wabeba mizigo, fundi cherehani mmoja, na mimi. Mara nne kwa siku Dada Severa angezunguka mitaani, achome kidole, asome simu, na kuandika namba zote mbili, moja pembeni ya nyingine, kwenye kaunta buku.

Mimi nilikuwa namba kumi na mbili, mtu mzima asiye na kisukari, wa kulinganishia. Nataka ibaki kwenye maandishi kwamba mstari wangu kwenye simu ulinyooka kama rula, hata mwakilishi wa kampuni akaomba kuupiga picha. Siku ya pili nilikunywa glasi nne za juisi ya miwa ili kukijaribu kitufe. Kidole kilianza kupanda, kitufe kimekaa kimya. Zikapita kama dakika kumi ndipo nacho kikashtuka. Nikatangaza mtaani kuwa nimekishinda mbio. Dada Severa akaniita ndani. Akanieleza kuwa kitufe hakipimi damu yenyewe, kinapima majimaji yaliyo katikati ya nyama, na sukari inafika huko ikiwa imechelewa. “Si mwongo,” alisema. “Anaishi nyumba ya tatu. Habari anazipata, ila baada ya wenzake.” Akaandika hivyo hivyo kwenye kaunta buku.

Namba saba alikuwa Goodluck, mbeba mizigo wa Mtaa wa Kongo, mwenye mabega kama kabati la nguo. Goodluck alichagua mlio wa jogoo kwenye simu yake, uwike sukari ikishuka. Siku ya kwanza, kila alipotwishwa robota la mitumba, jogoo aliwika. Simu ikaonyesha 2.9, na sukari ikishuka chini ya nne ni hatari. Wauza vitenge wakatoka madukani mbio. “Jogoo! Jogoo! Mpeni soda huyo!” Mama mmoja akapiga kelele, “Atatufia na robota la watu!” Wakamkamata wanne, wa tano akammiminia soda ya machungwa. Akatua mzigo, jogoo akanyamaza, watu wakapongezana. Akatwishwa robota jingine, jogoo akawika.

Kufikia siku ya tatu Goodluck alikuwa ameokolewa mara kumi na tisa. Kidole chake kikasoma 17. Akaja zahanati amejaa gesi. “Mama Severa,” alisema, “mimi nilikuja kupimwa, sasa nanyweshwa. Tangu nizaliwe sijapendwa hivi.”

Asubuhi iliyofuata Dada Severa alimfuata Goodluck nyuma nyuma kuanzia saa mbili mpaka saa sita, amevaa koti jeupe, mashine mkononi. Wauza maji ya chupa wawili walidhani ni msako wa afya wakakimbia na ndoo zao. Kila robota lilipopanda, alivisoma vyote viwili: kitufe 2.9, kidole 8.1. Robota likishuka, baada ya muda kitufe kinarudi kwenye nane. Akagundua kamba ya robota ilikuwa inakikandamiza kitufe, na kikikandamizwa kinadhani sukari imekwisha. Mimi nilithibitisha kwa kubeba marobota matatu kwa pamoja. Kitufe changu kikatangaza 2.1 na huku naimba.

Ndipo alipochora ile ramani ambayo sasa wageni wanakuja kuiona. Kwenye ukuta wa maabara, kwa chaki, alichora mraba na kuugawa sehemu tatu. Ya kwanza aliiita Kosa la Kucheka: kitufe kimesema nane, kidole kimesema tisa, hakuna atakayeumia. Ya pili, Kosa la Kitanda: ukiliamini utalazwa, kama Goodluck na soda zake. Ya tatu, Kosa la Kinondoni, kule kwenye makaburi. Kila jozi ya namba ilipata nukta yake ya chaki mahali pake. “Msiniulize kama kifaa kinakosea,” alituambia wafanyakazi wote tukiwa tumesimama. “Kila kitu kinakosea, hata Leodegar. Niulizeni kosa linaangukia wapi.” Sehemu ile inayonihusu siafiki, lakini nimeinukuu kama ilivyo. Goodluck akahamishiwa kitufe mkono ambao kamba haiugusi, na Mtaa wa Kongo ukarudi kwenye biashara zake.

Sasa tunafika kwa namba nne.

Namba nne alikuwa Mzee Ghanim, mpika halua wa Mtaa wa Narung'ombe, miaka sabini na moja, mgonjwa wa kisukari kwa miaka kumi na moja. Siku aliyoambiwa ana kisukari alimwapia mke wake Bi. Saadiya kuwa hataonja tena halua, na hakuonja. Lakini mpishi asiyeonja atajuaje imeiva? Mzee Ghanim alijifunza njia yake. Anachota kidogo kutoka kwenye sufuria ya shaba, anaifinya kati ya kidole gumba na kidole cha pete, anaivuta, anasikiliza ngozi yake. Kisha anajifuta kwa kitambaa na kusema “bado” au “teremsha.” Hakosei.

Hakuna aliyekitaka kitufe kama yeye. Vidole vyake vilikuwa vimetobolewa miaka kumi na moja mpaka vimekuwa kama chujio la tui. Tena kitufe kilimpa habari njema: 6.2, 6.8, 7.0. Kidole chake kikasema 19. Kikasema 21. Kikasema 18. Siku nane, mara nne kwa siku, kitufe kinasema mzee mzima, kidole kinasema mzee anaoza. Nukta zote thelathini na mbili zikaanguka Kinondoni.

Mwakilishi wa kampuni alilowa suti kwa jasho. Dada Severa akaanza kuandika ripoti, na mstari wa kwanza ulisema: “Kifaa hakifai.” Mzee Ghanim aliposikia alikuja mwenyewe zahanati na kifurushi cha tende. “Mwanangu Severa, usikifukuze,” alimwomba. “Ndicho kitu pekee kinachoniambia niko vizuri.” Dada Severa akampa kiti, akamwambia kwa upole kwamba kuambiwa uko vizuri na kuwa vizuri si kitu kimoja. Daktari Heriel akatazama namba za kidole, akampandishia insulini kuanzia jioni hiyo.

Asubuhi hiyo hiyo tulikuta ajabu maabara. Pamba zilizotumika zilikaa kwenye sinia, kila mtu na kikaratasi chake, namba moja mpaka kumi na mbili. Sisimizi walikuwa wameivamia namba nne peke yake. Kumi na moja hawakuzigusa. Niliufuata ule msafara wao kwa miguu mpaka Msimbazi na bado sikuona mwisho wake. Naamini walitoka Jangwani. Wafanyakazi wote wakaja kutazama. Dada Severa akasema, “Hata sisimizi wanakubaliana na kidole,” tukacheka, kwa maana huwa hatanii kazini. Tulijua namba nne ana damu tamu. Ushahidi ulikuwa unatembea.

Siku ya tisa, saa tano asubuhi, tulifika dukani kwa Mzee Ghanim. Mimi nilibeba sanduku la mashine. Tulimkuta amekaa juu ya gunia la sukari, mwiko mkononi, jasho linamtiririka kama amenyeshewa. Mikono inatetemeka. Bi. Saadiya amesimama pembeni na sindano ya insulini ya mchana, tayari imevutwa. Simu ya mzee inalia bila kukoma: 3.4.

“Imelia tangu saa nne,” alisema Bi. Saadiya. “Si mlisema ni mwongo? Nimeiacha ilie.”

Dada Severa alipiga magoti. Akafuta kidole cha pete kwa pamba ya spiriti, akangoja kikauke, akachoma, akachukua tone, akakandamiza kwa pamba kavu. Akaweka zile pamba mbili juu ya kaunta. Mashine ikasoma 14.2.

“Dada Severa, nimchome?” aliuliza Bi. Saadiya.

Mzee Ghanim aliinua kichwa. “Mama Muaz,” alimwambia mkewe, “mbona leo mko wawili?”

Nataka msomaji aelewe tulipokuwa. Kitufe kilisema mzee anakaribia kuzimika kwa kukosa sukari. Kidole kilisema anayo ya kuuza. Ukimwamini mmoja unampa sukari, ukimwamini mwingine unamchoma sindano, na ukikosea kuchagua hakuna nukta ya chaki, kuna jeneza. Kwa utaratibu wa zahanati, kwa wimbo wa wanafunzi, kwa miaka thelathini na mitatu, jibu lilikuwa moja tu: mchome.

Dada Severa alikuwa anatazama kaunta. Sisimizi wa duka walikwisha kuja. Ile pamba yenye damu hawakuwa na habari nayo. Waliipita kama jiwe. Wamejaa kwenye ile nyingine, pamba ya spiriti, safi, nyeupe, isiyo na tone la damu. Ile iliyofuta kidole kabla hakijachomwa.

“Weka chini sindano,” alisema. “Lete sabuni.”

“Sabuni ya nini, dada, na mtu anakufa?”

“Sabuni na maji, Saadiya! Haraka!”

Maji niliyaleta mimi, nikiwa nimeruka kaunta mbili na mizani. Dada Severa akamnawisha mzee mikono kama mtoto, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha. Akakausha. Akachoma tena. Mashine ile ile, kidole kile kile: 3.1. Kitufe kilikuwa kimesema karibu kweli tupu, kimechelewa kidogo tu, kama ilivyo kawaida yake ya nyumba ya tatu. Kidole ndicho kilichodanganya. Siku zote nane tulikuwa tunapima halua.

Hapo ikahitajika sukari, na upesi. Mimi nilitoka mbio kama risasi kwenda kutafuta soda, nikafika Msimbazi kabla sijakumbuka kuwa nimetoka kwenye duka lenye masinia arobaini ya halua. Bi. Saadiya naye, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, alikuwa anaisogeza halua mbali na mumewe. Dada Severa alimwinua mzee kidogo, akachota sukari kwenye gunia alilokuwa amelikalia, akakoroga kwenye kikombe, akamnywesha yote. Niliporudi na soda, mzee alikuwa amefumbua macho vizuri na wake zake wawili wamerudi kuwa mmoja. Dada Severa akakata kipande cha halua, akamtia mdomoni ili sukari isishuke tena.

Mzee Ghanim alitafuna taratibu. Akafumba macho. Mimi bado nimeshika soda.

“Mama Muaz.”

“Abee, baba Muaz.”

“Iliki imezidi.”

Bi. Saadiya alikaa chini sakafuni akacheka huku analia. “Miaka kumi na moja!” alisema. “Miaka kumi na moja wateja wananiambia, naogopa kukwambia!”

Tulirudi zahanati kwa miguu. Dada Severa aliingia maabara, akafuta nukta zote za namba nne, isipokuwa moja. Kisha akaandika ripoti upya. Nimeisoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipeleka kupigwa chapa. Inasema vipimo thelathini na vitatu vya kidole cha namba nne havifai. Inasema spiriti inaua wadudu lakini haiondoi sukari. Inasema mgonjwa nusura achomwe insulini akiwa na 3.1. Halafu, kwenye mstari wa peke yake: “Kosa ni langu. Sikumnawisha.”

Daktari Heriel, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike “hitilafu ya kawaida ya vipimo” na kuacha hapo. Dada Severa alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Nani aondoke na doa, baada ya miaka yote hiyo? Nilikuwa mlangoni nabadilisha balbu, sikuwa nasikiliza. Dada Severa akamjibu kwamba sahihi chini ya ripoti ni yake. Mimi nikakumbuka chupa kumi na nne zinavyolia zikianguka kwenye ndoo.

Kitufe kilipita. Baada ya hesabu kusafishwa, nukta nyingi ziliangukia Kucheka, chache Kitanda, na Kinondoni kitufe hakikutia hata moja. Ripoti imekipa masharti: usikilalie wala usikibebee mzigo, kumbuka kinachelewa, na ukikitilia shaka pima kidole, lakini kidole kilichonawa kwa sabuni. Mgonjwa wa kwanza kukipata kwa kudumu ni Mzee Ghanim, aliyerudishwa kwenye insulini yake ya zamani.

Dada Severa alikuwa na likizo ya siku ishirini na moja ya kumalizia utumishi. Sote tulimwambia akapumzike. Yeye alifungua rejesta za nyuma, akatafuta kila mgonjwa ambaye kazi yake ni kushika utamu: wauza juisi ya miwa, wauza tende, wapika maandazi, fundi wa keki mmoja wa Ilala. Aliwapata ishirini na watatu. Akawafuata mmoja mmoja na beseni la buluu, sabuni ya kipande na mashine, mimi nikiendesha. Wengine walidhani tumekuja kuwafulia. Akawaeleza wote kwamba huenda aliwapima vibaya, na kwamba anaomba mikono yao. Ishirini walikuwa sawa. Watatu walikuwa wanatumia dawa kuliko miili yao ilivyohitaji. Mmoja wao, muuza juisi, alikuwa akianguka anguka kila wiki na amekwisha kuambiwa ni mashetani. Dawa ikapunguzwa. Hajaanguka tena. Wote watatu watakuwepo Jumatatu.

Mwezi huu mafundi wamekuja kupaka rangi maabara. Ukuta wote sasa ni mweupe isipokuwa ule mraba wa chaki, ambao mimi nimeukinga kwa kioo cha dirisha. Kwenye sehemu ya Kinondoni ipo nukta moja tu. Pembeni yake, kwa mwandiko wa masista, zipo herufi S.N. Mwakilishi wa kampuni alidhani ni nukta ya kifaa chake, akaomba ifutwe. Tulimweleza ni ya nani. Akavua miwani.

Sherehe itaanza saa nane mchana. Beseni la buluu litakuwa mlangoni, Dada Severa ametuachia kibao juu yake kinachosema “Nawa kwanza. Hata mimi,” na atasimama hapo mwenyewe kukagua. Mzee Ghanim ataleta masinia mawili ya halua yenye iliki nusu, na anasema hatakubali sifa za mtu yeyote mpaka Dada Severa aonje. Goodluck atabeba mizigo ya mstaafu mpaka kivuko cha Magogoni, kwa bega lisilo na kitufe, na jogoo wake amezimwa kwa heshima ya siku hiyo. Hotuba nitatoa mimi.

Dada Severa, umetupima miaka thelathini na mitatu na hukutuambia hata mara moja tunachotaka kusikia. Wagonjwa wako wanakushukuru, wafanyakazi wenzako tunakushukuru, na mimi nimekusamehe zile chupa kumi na nne. Vuka salama uende kwako Kigamboni ukapumzike. Sukari yako ikae kwenye tano, ulale ubavu wowote unaoutaka, na kila atakayekushika mkono huko awe amenawa.

Leodegar Mushi,
Dereva na Mtunza Stoo,
Zahanati ya Mwanga Mwema